Lita Si Kilo: Namna ya Kupata Uzito wa Bidhaa Kutokana na Ujazo Wake

Katika soko na magulio ya Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, bidhaa hupimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni uzito: pamba huwekwa kwenye mizani, nyama hali kadhalika, na bei hutajwa kwa kilo. Njia ya pili ni ujazo: dengu, choroko, mtama na mahindi hupimwa kwa sado, ndoo, debe au gunia, mafuta ya alizeti na maziwa hupimwa kwa lita, asali hupimwa kwa chupa au dumu. Mara nyingi bidhaa ileile huanza safari yake kwa ujazo ikiwa mikononi mwa mkulima, kisha huimaliza kwa kilo ikiwa mikononi mwa mfanyabiashara. Hapo katikati, mahali ambapo lita hugeuka kuwa kilo, ndipo fedha ya mkulima au ya mlaji hupotea bila kelele.

Sisi Wakala wa Vipimo tumepewa jukumu la kulinda haki katika biashara inayofanywa kwa vipimo, kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kusimama kila siku kando ya kila ndoo. Kwa sababu hiyo tunaeleza katika kurasa hizi hesabu moja fupi ambayo mkulima, mfanyabiashara na mama wa nyumbani anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi, au kwa simu ya mkononi: hesabu ya kupata kilo kutokana na lita.

Maneno matatu ya kuanzia

Ujazo ni nafasi ambayo kitu kinaichukua. Vizio vyake vya kawaida ni mililita, lita, sentimita za ujazo na mita za ujazo.

Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Vizio vyake ni gramu, kilo na tani. Sokoni watu wote huita kiasi hiki uzito, nasi tutafuata desturi hiyo katika makala haya.

Densiti ni uzito uliomo ndani ya kizio kimoja cha ujazo. Tukisema densiti ya mafuta ya alizeti ni kilo 0.92 kwa lita, maana yake ni kwamba lita moja ya mafuta hayo, ikiwekwa kwenye mizani bila chombo chake, itasoma kilo 0.92, yaani gramu 920. Maji ni mepesi kukumbuka, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mazoea ya maji ndiyo huwafanya watu wengi wadhani kwamba kila lita ni kilo. Mafuta huelea juu ya maji kwa sababu lita yake ni nyepesi kuliko lita ya maji. Asali huzama chini ya maji kwa sababu lita yake ni nzito zaidi.

Kutokana na maneno hayo matatu tunapata kanuni yenyewe:

Uzito = densiti × ujazo.

Ukitaka kurudi nyuma, yaani kupata lita kutokana na kilo, gawanya uzito kwa densiti.

Linganisha vizio kabla ya kuzidisha

Kosa kubwa katika hesabu hii hutokea kabla ya kuzidisha. Densiti iliyotajwa kwa lita huzidishwa na lita, na densiti iliyotajwa kwa mita ya ujazo huzidishwa na mita za ujazo. Vizio vikichanganywa, jibu huharibika mara elfu.

Tuseme kijitabu cha kiwandani kinasema densiti ya mafuta ya alizeti ni kilo 920 kwa mita ya ujazo, nawe una ndoo ya lita 20. Ukizidisha 920 kwa 20 utapata kilo 18,400, uzito wa lori. Sharti kwanza ugeuze lita 20 ziwe mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ina lita 1,000. Kwa hiyo lita 20 ni mita za ujazo 0.02. Sasa zidisha: 920 × 0.02 = kilo 18.4. Hilo ndilo jibu sahihi.

Mageuzi yafuatayo yanatosha kwa shughuli nyingi za sokoni:

Lita 1 ni mililita 1,000.
Mililita 1 ni sentimita ya ujazo 1.
Lita 1 ni sentimita za ujazo 1,000.
Mita ya ujazo 1 ni lita 1,000, au sentimita za ujazo 1,000,000.

Mstari wa mwisho ndio unaowapoteza wengi. Mita moja ina sentimita 100, lakini mita ya ujazo haina sentimita za ujazo 100. Ina urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 100 na kimo cha sentimita 100. Ukizidisha zote tatu unapata milioni moja.

Kuna njia ya mkato inayofaa kukumbukwa. Densiti iliyoandikwa kwa gramu kwa sentimita ya ujazo, kwa kilo kwa lita, au kwa tani kwa mita ya ujazo, huwa na tarakimu zilezile. Maji ni 1 katika vizio vyote hivyo vitatu, na mafuta ya alizeti ni 0.92 katika vyote. Densiti iliyoandikwa kwa kilo kwa mita ya ujazo peke yake ndiyo unayopaswa kuigawanya kwa 1,000 kwanza.

Jihadhari pia na neno galoni. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, galoni ya Marekani ni lita 3.785, na mitaani kwetu wengi huita galoni dumu lolote la lita 5. Unapotajiwa bei ya galoni, uliza ni lita ngapi kabla ya kujibu.

Densiti za bidhaa tunazozijua

Tarakimu zifuatazo ni za makadirio. Hubadilika kidogo kwa joto, unyevu na aina ya bidhaa, lakini zinatosha kumwonyesha mtu kama hesabu aliyopewa inaelekea ukweli.

Vimiminika, kwa kilo kwa lita: maji 1.00, maziwa ya ng'ombe 1.03, mafuta ya alizeti 0.92, asali 1.4, mafuta ya taa 0.80, dizeli 0.84, petroli 0.74.

Nafaka na mbegu kavu, kwa kilo kwa lita, chombo kikiwa kimesawazishwa mdomoni: mahindi 0.72, mtama 0.72, ngano 0.77, dengu 0.78, choroko 0.8, mpunga 0.58, mbegu za alizeti 0.4.

Ndoo ya kilo 20 na ndoo ya lita 20

Alizeti hulimwa kwa wingi katika Mkoa wa Simiyu, na mafuta yake hukamuliwa na kuuzwa humuhumu. Muuzaji mmoja hutaja bei kwa lita, mwingine hutaja kwa kilo, na vyombo vyao hufanana machoni. Mnunuzi hulinganisha bei mbili akidhani analinganisha kitu kimoja.

Tuchukue bei za mfano. Muuzaji wa kwanza anauza lita 20 kwa shilingi 92,000. Wa pili anauza kilo 20 kwa shilingi 96,000. Kwa haraka, wa kwanza anaonekana kuwa nafuu kwa shilingi 4,000. Hebu tufanye hesabu.

Lita 20 × 0.92 = kilo 18.4. Shilingi 92,000 zikigawanywa kwa kilo 18.4, kila kilo ni shilingi 5,000. Kwa muuzaji wa pili, shilingi 96,000 zikigawanywa kwa kilo 20, kila kilo ni shilingi 4,800. Kumbe wa pili ndiye aliye nafuu. Ukigeuza kilo 20 ziwe lita, utapata 20 ÷ 0.92, sawa na lita 21.7. Mnunuzi wa ndoo ya pili amepata karibu lita mbili zaidi kwa nyongeza ya shilingi 4,000 tu.

Udanganyifu hutokea pale ambapo muuzaji anataja bei ya kilo 20 kisha akajaza chombo cha lita 20. Mnunuzi analipia kilo 20 na kuondoka na kilo 18.4. Amepoteza kilo 1.6 katika kila ndoo, na chombo kilikuwa kimejaa mbele ya macho yake. Kwa chupa ndogo hesabu ni ileile: mililita 500 ni lita 0.5, mara 0.92 ni kilo 0.46, yaani gramu 460. Chupa ya nusu lita ya mafuta haina nusu kilo.

Joto nalo lina sehemu yake. Mafuta hutanuka yanapopata joto. Kwa nyuzi 15 za sentigredi ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia moja. Lita 20 zilizopimwa jua la mchana likiwa kali zina mafuta machache kidogo kuliko lita 20 zilizopimwa alfajiri. Kwa ndoo moja tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa mwenye mapipa mengi ni hasara ya kuonekana. Kilo haibadiliki kwa joto, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendelea mizani katika biashara kubwa.

Nafaka: kati ya punje kuna hewa

Debe la mahindi lina mahindi na hewa iliyo kati ya punje. Kwa hiyo densiti ya nafaka sokoni ni densiti ya mkusanyiko wa punje pamoja na hewa yake. Punje ikiwa kubwa na yenye umbo lisilopangika, hewa huwa nyingi. Chombo kikitikiswa au kugongwa chini, punje hujipanga, hewa hupungua, na nafasi hupatikana kwa punje nyingine. Ndiyo sababu anayenunua hutikisa, na anayeuza hamimini kwa kishindo.

Debe lenyewe lina historia. Lilianza kama kopo la bati la mafuta ya taa lenye galoni nne za Kiingereza, yaani takriban lita 18.2. Siku hizi ndoo ya plastiki ya lita 20 huitwa debe vilevile. Mtu aliyeuza debe kumi kwa ndoo ya lita 20 huku akilipwa bei ya debe la lita 18.2 ametoa lita 18 za bure, takriban debe zima.

Ni kawaida kusikia kwamba debe la mahindi ni kilo 18. Tuipime kauli hiyo. Ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa kwa kijiti: 20 × 0.72 = kilo 14.4. Ili kupata kilo 18 tunahitaji 18 ÷ 0.72, yaani lita 25. Lita tano za ziada zimetoka wapi? Zimetoka kwenye mtikiso na kwenye kilima kinachorundikwa juu ya mdomo wa ndoo. Kilima hicho ni mali ya mkulima. Ikiwa bei imepangwa kwa ndoo, yeyote anayerundika anaongeza kilo bila kuongeza shilingi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao walijua walisemalo, kwa kuwa kibaba, kisaga na pishi vilikuwa vipimo vyao vya nafaka. Msemo huo unamwonya pia anayeuza: haba na haba ndiyo humwaga kibaba.

Gunia na lumbesa

Gunia la mahindi la kilo 100 lina ujazo gani? Gawanya: 100 ÷ 0.72 = lita 139, sawa na ndoo saba za lita 20 zilizosawazishwa, pungufu ya lita moja tu. Hesabu hiyo inafaa ikumbukwe na kila mkulima: ndoo saba za kusawazisha ni gunia la kilo 100.

Gunia hilohilo likijazwa mbegu za alizeti halitafika hata kilo 60, kwa maana 139 × 0.4 ni kilo 55.6. Likijazwa dengu, 139 × 0.78 ni kilo 108.4, na sasa limevuka kilo 100, ambacho ndicho kikomo kinachoruhusiwa katika ufungashaji wa mazao ya shamba. Gunia moja, ujazo mmoja, uzito wa aina tatu. Kwa hiyo bei ya gunia haina maana mpaka zao litajwe, na hata likitajwa bado kilo ndiyo kipimo cha haki.

Lumbesa ni gunia lililoongezwa kimo kwa kushonewa kipande juu, au kwa kufumwa kamba juu ya mdomo ili libebe zaidi. Imepigwa marufuku. Tuseme nyongeza hiyo inachukua ndoo mbili za lita 20. Kwa mahindi ni 40 × 0.72, yaani kilo 28.8. Kwa bei ya mfano ya shilingi 700 kwa kilo, mkulima amewaachia wengine shilingi 20,160 katika gunia moja. Aliyeuza magunia kumi amepoteza shilingi 201,600, kiasi kinachoweza kulipia mahitaji ya mtoto shuleni. Mpagazi naye amebebeshwa mzigo unaozidi kiwango mgongoni mwake.

Pamba ni mfano unaofundisha zaidi kuliko yote. Mtu akiishindilia kwa miguu ndani ya gunia, densiti yake huongezeka mara kadhaa. Hakuna tarakimu moja ya densiti ya pamba mbegu inayoweza kuaminika. Kwa hiyo pamba hupimwa kwa mizani tu, na bei yake hutangazwa kwa kilo. Kanuni iliyo njema kwa pamba ni njema pia kwa dengu na choroko.

Kupima kihenge au ghala

Hesabu hii humsaidia pia mkulima kujua akiba iliyomo ndani ya kihenge chake bila kuitoa nje. Tuchukue kihenge cha bati cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 100, mahindi yakiwa yamefika kimo cha sentimita 150.

Hatua ya kwanza, tafuta ujazo. Nusu ya kipenyo ni sentimita 50. Zidisha 3.14 × 50 × 50 × 150. Unapata sentimita za ujazo 1,177,500.

Hatua ya pili, geuza kizio. Gawanya kwa 1,000 ili upate lita: 1,177.5.

Hatua ya tatu, zidisha kwa densiti. 1,177.5 × 0.72 = kilo 848, kwa kukadiria. Hayo ni magunia manane ya kilo 100, na kilo 48 juu yake.

Familia inayojua kwamba ina kilo 848 inaweza kugawanya akiba hiyo kwa miezi iliyobaki kabla ya mavuno, na kuamua inauza kiasi gani. Familia inayojua tu kwamba "kihenge kimejaa" huuza kwanza na kuhesabu baadaye. Kihenge hichohicho kikiwa na mbegu za alizeti kina kilo 471 tu.

Maziwa na asali

Meatu ni wilaya ya wafugaji. Lita 10 za maziwa safi zina uzito wa takriban kilo 10.3. Je, mizani inaweza kufichua maji yaliyoongezwa? Tuhesabu. Lita 9 za maziwa na lita 1 ya maji: 9 × 1.03 ni 9.27, ongeza 1, jumla ni kilo 10.27. Tofauti ni gramu 30 tu, ambazo mizani ya dukani haiwezi kuzionyesha kwa uhakika. Kwa hiyo wakusanyaji wa maziwa hutumia laktomita, kifaa cha kioo kinachoelea na kusoma densiti moja kwa moja. Usomaji wa 30 maana yake densiti ni 1.030. Maji yakiongezwa, usomaji hushuka. Hata hivyo, maziwa yaliyoondolewa malai densiti yake hupanda, na mjanja anaweza kufanya yote mawili ili kificho kimoja kifiche kingine. Kwa hiyo laktomita hutumiwa pamoja na vipimo vingine.

Kwa asali hali ni tofauti. Dumu la lita 5 linapaswa kuwa na takriban kilo 7, kwa kuwa 5 × 1.4 ni 7. Lita moja ya maji ikichanganywa na lita nne za asali, uzito unakuwa kilo 6.6. Upungufu wa gramu 400 huonekana wazi kwenye mizani. Lakini sharubati nzito ya sukari inaweza kuwa na densiti inayokaribia ya asali, hivyo uzito mzuri peke yake hauthibitishi kwamba asali ni halisi. Kuhusu bei, kumbuka kwamba asali ya shilingi 14,000 kwa lita ni sawa na asali ya shilingi 10,000 kwa kilo.

Jipimie mwenyewe: maji ni shahidi

Kopo la rangi la lita 4, maarufu kwa jina la sado, si kipimo kilichothibitishwa. Mengine yamebonyea, mengine yamekatwa mdomo, mengine yametiwa kitako cha pili. Unaweza kujua ujazo wake wa kweli kwa maji na mizani, kama ifuatavyo.

Kwanza, pima kopo likiwa tupu. Tuseme ni kilo 0.3.

Pili, lijaze maji hadi mdomoni, ulipime tena. Tuseme ni kilo 4.1. Toa uzito wa kopo: 4.1 − 0.3 = kilo 3.8. Kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja, kopo hili lina ujazo wa lita 3.8, wala si 4.

Tatu, lifute maji, ulijaze dengu, usawazishe kwa kijiti na ulipime. Tuseme ni kilo 3.3. Toa uzito wa kopo. Dengu ni kilo 3.0.

Nne, gawanya: 3.0 ÷ 3.8 = 0.79. Hiyo ndiyo densiti ya dengu zako wewe, si za kijitabu.

Njia hii hufichua pia kitako kilichobonyea. Debe la mraba lenye upana wa sentimita 23 kila upande, kitako chake kikiingia ndani kwa sentimita 2, limepoteza 23 × 23 × 2, yaani sentimita za ujazo 1,058, takriban lita 1.06. Kwa choroko ni zaidi ya kilo 0.8. Mlaji anayenunua kwa debe hilo kila wiki hulipia choroko ambazo hazikuwahi kuingia nyumbani kwake.

Mipaka ya hesabu, na haki ya mizani

Hesabu ya densiti hutoa makadirio. Humwezesha mtu kuuliza swali kwa wakati, kabla fedha haijabadilisha mikono. Haichukui nafasi ya mizani. Mahindi mabichi na mahindi makavu yana densiti tofauti, na uzito wenyewe hubeba maji: kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, zikikaushwa hadi asilimia 13, hubaki takriban kilo 94. Muuzaji na mnunuzi wakikubaliana unyevu kwanza, kisha wakapima kwa mizani, hapana wa kumlaumu mwenzake.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo.

Dai kupimiwa kwa mizani iliyohakikiwa, yenye stika ya Wakala iliyo hai. Vipimo vinavyotumika katika biashara huhakikiwa kila mwaka.

Angalia mizani inasoma sifuri kabla ya mzigo kuwekwa, na hakikisha uzito wa chombo umetolewa.

Bei ikitajwa kwa ndoo, sado au gunia, uliza ni kilo ngapi. Asiyetaka kujibu swali hilo amekwisha kukujibu.

Bei mbili zikitajwa kwa vizio tofauti, zigeuze zote ziwe za kilo kabla ya kuchagua.

Ukiuza kwa kundi au kupitia chama cha ushirika, weka kumbukumbu ya kilo ulizopeleka, tarehe, na stakabadhi.

Ukiona kipimo kimechezewa, au ukilazimishwa kufungasha lumbesa, toa taarifa katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako au kwa uongozi wa soko. Eleza mahali, siku, aina ya kipimo na bidhaa iliyopimwa. Taarifa yenye tarakimu hushughulikiwa kwa wepesi kuliko malalamiko ya jumla, ukiweza kusema, "Nililipia kilo 20 za mafuta, nikapewa lita 20, nimepungukiwa kilo 1.6," mkaguzi atajua aanzie wapi.